Kufungua njia ya samoni Mto Klamath: shajara ya mradi

Shajara hii inafuata kazi ya kubomoa kuta nne za mabwawa kwenye Mto Klamath, unaotoka kusini mwa Oregon ukakatiza kaskazini mwa California hadi Bahari ya Pasifiki. Lengo ni samoni wapande tena mpaka walikokuwa wakitaga zamani. Anayevua Mto Nzoia au Yala ataelewa upesi akimfikiria ningu, ambaye hukaa ziwani na mvua zikianza hupanda mto kutaga. Tofauti ni kwamba samoni aina ya Chinook hutoka baharini, hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa hapohapo mtoni. Hana mwaka wa pili wa kujaribu.

Humu "ukuta" ni zege au udongo unaozuia maji, na "bwawa" ni maji yenyewe yaliyozuiwa. Hatua za kawaida zimefupishwa. Nafasi kubwa wamepewa wanaotaka kujua nini kiliharibika na kwa nini.

17 Novemba 2022: Ruhusa imetoka

Tume ya nishati ya serikali kuu ya Marekani imeidhinisha leseni ya kufua umeme kwenye kuta nne irudishwe na kuta zibomolewe. Kutoka juu kwenda chini ni J.C. Boyle (1958), Copco Na. 1 (1918), Copco Na. 2 (1925) na Iron Gate (miaka ya mwanzo ya 1960). Iron Gate ni tuta la udongo na mawe lenye kimo cha takriban mita 53, halina ngazi ya samaki, na liko kama kilomita 300 kutoka baharini. Hapo ndipo safari ya samoni imekuwa ikikomea.

Bajeti ni dola milioni 450. Milioni 200 zilikatwa kidogo kidogo kwenye bili za wateja wa umeme wa Oregon na California, na milioni 250 ni hati fungani ambazo wapigakura wa California walizipitisha mwaka 2014. Kuna akiba nyingine ya dola milioni 45 endapo gharama zitapanda. Watu huuliza kwa nini kampuni ya umeme yenye kuta hizi ilikubali. Jibu liko kwenye hesabu: leseni mpya ingeilazimu kujenga ngazi za samaki kwenye kuta kuukuu zinazotoa umeme kidogo, na kubomoa kukaonekana nafuu kwa wateja wake kuliko kukarabati.

Msukumo, hata hivyo, ulitoka kwa makabila ya mtoni, hasa Yurok, Karuk na Klamath. Septemba 2002 maji yalipokuwa machache na ya moto, samoni waliokuwa wakipanda walisongamana katika kilomita 58 za mwisho za mto. Magonjwa mawili, kidusa cha Ich na bakteria ya kolumnarisi, yakapita kati yao kama moto kwenye nyasi kavu. Waliohesabiwa kufa ni zaidi ya 34,000, wengi wakiwa Chinook wakubwa walioiva mayai. Tangu siku ile watu wa Yurok hawakunyamaza.

Ugonjwa wa tatu hauonekani kwa macho lakini ndio unaoua vifaranga kila masika. Kidusa *Ceratonova shasta* huishi kwanza ndani ya mnyoo mdogo wa mtoni, kisha humwingia samoni. Mnyoo huyo hustawi pale ambapo mawe ya kitandani mwa mto hayasogei. Chini ya Iron Gate mafuriko yamezuiwa miaka mingi, kwa hiyo mawe hayasogei. Samoni waliogonga ukuta wakashindwa kupita hutaga na kufa palepale, na mizoga yao humwaga mbegu za kidusa juu ya makazi ya minyoo. Ukuta mmoja unazalisha mgonjwa na maambukizi mahali pamoja. Mtu anayedhani tatizo la ukuta ni kuziba njia peke yake, hapo amekosea.

Oktoba 2023: Copco Na. 2 imeondoka

Huu ulikuwa mdogo kuliko yote, kama mita 10, na haukuwa na tope la maana nyuma yake. Ulianza kubomolewa Juni na sasa umekwisha. Kazi iliyochukua muda ni ya korongo lililo chini yake: kwa karibu miaka mia maji yalikuwa yakielekezwa kwenye handaki la mitambo, na miti ikaota katikati ya kitanda cha mto. Miti ililazimika kukatwa na kutolewa kabla maji hayajarudishwa, la sivyo yangeibeba yote kwenda kuziba mbele.

Wakati huohuo bomba la maji ya kunywa la mji wa Yreka, lililopita chini ya bwawa la Iron Gate, limehamishwa. Anayeiga mradi kama huu aanze kwa kuuliza nani anakunywa maji yanayopita pale. Kwenye Mto Elwha, jimbo la Washington, kuta mbili zilibomolewa kati ya 2011 na 2014, na tope na majani yakaziba vichujio vya mtambo mpya wa maji, kazi ya kubomoa ikasimama karibu mwaka mzima. Kosa hilo limeepukwa hapa.

23 Januari 2024: Mabwawa matatu yanashuka

Lango la chini la Iron Gate lilifunguliwa tarehe 11. Tarehe 16 baruti ilifungua mifereji iliyozibwa kwa zege chini ya J.C. Boyle. Leo imekuwa zamu ya Copco Na. 1, ambako handaki lilichimbwa mapema kwenye sehemu ya chini ya ukuta na kuachiwa kizibo cha zege, kikalipuliwa.

Kwa nini Januari? Chinook wakubwa wa vuli, yaani wanaopanda mto majira hayo, wamekwisha kutaga na kufa, na wengi wa vifaranga wa mwaka huu bado hawajaanza kushuka kwenda baharini. Mto mkuu una samoni wachache kuliko mwezi mwingine wowote. Mvua na theluji nazo huleta maji ya kusukuma tope.

Na kwa nini yote kwa mpigo? Elwha walishusha maji kwa vipande, wakisimama samaki walipokuwa wakipita, kwa sababu nyuma ya kuta zao kulikuwa na mchanga na changarawe nyingi. Tope la Klamath ni laini mno, sehemu kubwa ni mabaki ya miani iliyokufa na kuzama miaka nenda miaka rudi. Linasombwa upesi. Wapangaji wakaona ni afadhali mto uumie vibaya msimu mmoja kuliko kuumia kiasi misimu mitatu mfululizo, maana misimu mitatu ingegusa karibu vizazi vyote vya Chinook vilivyo hai. Nakubaliana nao, ingawa uamuzi huu haufai kila mto. Pima kwanza ukubwa wa chembe za mashapo yako.

Jambo moja la kuzingatiwa kwenye tuta la udongo: maji hayashushwi kwa kasi utakayo. Udongo uliolowa ukipoteza ghafla maji yaliyouegemea, unaporomoka.

Mwisho wa Februari 2024: Tope

Makadirio ya mashapo yote nyuma ya kuta yalikuwa kati ya mita za ujazo milioni 10 na 15, na theluthi moja hadi nusu ilitarajiwa kusombwa. Mto umekuwa na rangi ya kahawa. Miani iliyooza ikipata hewa hula oksijeni iliyoyeyuka majini, na chini ya Iron Gate oksijeni ilishuka karibu na sifuri kwa muda mfupi. Samaki wa kigeni waliokuwa wakiishi mabwawani, waliopandikizwa kwa ajili ya wavuvi wa starehe, wamekufa kwa wingi. Hilo lilitarajiwa, kwani si samaki wa mto.

Kilichouma ni kulungu. Tope la bwawa la Copco lilikauka juu likafanya ukoko, chini likabaki uji. Wanyama walivuka wakienda kunywa maji, wakazama hadi tumboni na kufa. Picha zilisambaa siku nzima na watu wengi wakadhani mradi wote umeshindwa. Anayeiga aweke uzio au walinzi kwenye njia za wanyama kabla maji hayajashuka. Njia hizo zinajulikana, na kuzizuia kwa wiki chache si gharama kubwa.

4 Machi 2024: Vifaranga 830,000 wamekufa

Hili ndilo kosa kubwa la mradi mpaka sasa.

Kituo cha zamani cha kuzalisha vifaranga pale Iron Gate kimefungwa, na kipya kimejengwa kwenye kijito cha Fall Creek kwa dola milioni 35. Uwezo wake ni Chinook wa vuli milioni 3.25 na koho, samoni wa aina nyingine, 75,000 kwa mwaka, nacho kitafanya kazi miaka minane baada ya kuta kuondoka, kisha mto uachwe ujitegemee. Fall Creek iko juu ya Iron Gate. Tarehe 26 Februari vifaranga wa Chinook wapatao 830,000 waliachiliwa kijitoni, wakashuka na maji, wakapita kwenye handaki la Iron Gate. Walipokusanywa kwenye mitego ya chini walikuwa wamekufa.

Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa tope. Lakini vipimo vya tope majini na oksijeni siku zile vilikuwa vya kuvumilika. Jibu lilikuwa miilini mwao: ugonjwa wa viputo vya gesi.

Ukuta bado umesimama, na maji yote yanapita kwenye handaki moja jembamba kwa kasi kubwa. Maji yakibeba hewa hadi mahali penye shinikizo, hewa hiyo huyeyuka ndani yake kuliko kawaida. Kina cha mita kumi peke yake hulifanya shinikizo kuwa mara mbili ya lile la juu. Maji yakitoka upande wa pili shinikizo linakatika ghafla, na gesi iliyokwisha kuingia kwenye damu ya samaki inatoka kama soda iliyofunguliwa. Wapiga mbizi wa pwani wanaoibuka haraka kutoka kina kirefu hupatwa na jambo hilohilo. Kifaranga wa samoni mwenye urefu wa kidole hawezi kulistahimili. Mchukue mmoja kwenye kiganja, mwangalie kwa kioo cha kukuzia: jicho limetokeza nje, na kati ya miiba ya mapezi kuna viputo vidogo kama shanga. Funua shavu, utaviona pia kwenye matamvua.

Marekebisho yaliyofanyika ni mepesi: kuanzia sasa vifaranga watasafirishwa kwa lori lenye tangi na kuachiliwa chini ya Iron Gate mpaka handaki liondolewe. Kituoni wamebaki Chinook wazima wapatao milioni 3.27, hivyo mwaka haujapotea wote. Hata hivyo hii ni hasara iliyokuwa ikizuilika, na haifai kufichwa kwa kusema kwamba handaki ni la muda tu.

Kwa anayefanya kazi kama hii, mambo matatu. Kwanza, pima gesi yote iliyoyeyuka majini, siyo oksijeni pekee. Kifaa chake kinaitwa satyurometa. Kiwango kinachotumiwa Marekani kama kikomo ni asilimia 110. Pili, pima juu na chini ya kila handaki, lango na maporomoko ambayo samaki atapita, siku maji yakiwa mengi kama yatakavyokuwa siku ya kuachilia. Tatu, pitisha kwanza vifaranga mia moja hivi, wapokee kwenye kizimba upande wa pili na uwaweke siku mbili. Kizimba kimoja kingelionyesha kila kitu.

Juni 2024: Mbegu zimeota

Ardhi iliyokuwa chini ya maji ni zaidi ya hekta 850. Ikiachwa tupu, msimu ujao wa mvua itashuka yote mtoni, na magugu ya kigeni yatatangulia. Vikundi vya watu wa Yurok vilianza miaka kadhaa nyuma kukusanya mbegu za mimea ya asili kwa mkono kwenye vilima vya jirani, zikapelekwa mashambani kuzidishwa, zikafika kati ya bilioni 17 na 19 za aina zipatazo 98.

Mbegu za kwanza zilirushwa maji yalipokuwa yakishuka, wakati tope likiwa bado bichi. Huo ndio wakati. Ukichelewa tope linakauka, linapasuka vipande kama vigae, na mbegu inakaa juu ya kigae bila kushika. Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa wa mimea inayoota haraka, kazi yake kushika udongo tu. Mimea ya kudumu na miti inafuata vuli. Maua ya lupini na popi yamefunika sehemu kubwa. Palipofeli ni pale farasi mwitu na ng'ombe walipoingia, wakakanyaga na kula machipukizi. Uzio ulipaswa kutangulia mbegu.

Kwenye midomo ya vijito vya Jenny, Camp, Scotch na Beaver mitambo inachimbua tope lililorundikana, kisha magogo yenye mizizi yake yanalazwa majini. Gogo hulazimisha maji kuchimba shimo lenye kivuli, na vifaranga wa koho hukaa humo kiangazi kizima.

28 Agosti 2024: Mto unapita wenyewe

Copco Na. 1 ilikatwa kwa baruti ngazi baada ya ngazi. Udongo wa Iron Gate ulichotwa na malori na kurudishwa karibu na mashimo ulikochimbwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Leo kuta za muda zilizokuwa zimebaki Iron Gate na Copco Na. 1 zimekatwa. Tope litafumuka tena kwa siku kadhaa, na limepangwa limalizike kabla kundi kubwa la samoni wa vuli halijafika. (Nyongeza ya baadaye: kazi yote ndani ya mto ilitangazwa kumalizika tarehe 2 Oktoba.)

17 Oktoba 2024: Chinook yuko Oregon

Jana wataalamu wa samaki wa jimbo la Oregon walimwona Chinook wa vuli akiwa kwenye kijito juu ya ilipokuwa J.C. Boyle, kama kilomita 370 kutoka baharini. Ni wa kwanza kuonekana huko tangu 1912. Hakubebwa na mtu, wala hakupandikizwa.

Hili lilibishaniwa kwa miaka: je, tuwabebe samoni kwa malori kuwapeleka juu, au tufungue njia na kuwaachia? Kwa Chinook wa vuli upande wa California uamuzi ulikuwa kuwaachia, na jibu limekuja ndani ya wiki saba. Kwa Chinook wa masika, wanaopanda mto mapema zaidi na ambao wamebaki wachache na wako mbali sana chini, sidhani kusubiri kutatosha. Oregon imekwisha kuanza kuachilia vifaranga wao kwa majaribio huko juu, na ni sawa.

Desemba 2024: Kuhesabu

Juu kidogo ya ilipokuwa Iron Gate kuna kifaa cha sona, kinachoona kwa mawimbi ya sauti, kilichowekwa ukingoni, kikielekeza miale yake kukatiza mto. Hakihitaji maji maangavu, jambo ambalo kamera ya kawaida isingeweza kwenye mto huu. Katika wiki chache za vuli kimehesabu zaidi ya samaki wakubwa 6,000 wakipanda.

Udhaifu wa sona ni kwamba inaona umbo na urefu, haioni aina. Samaki mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 60 anachukuliwa kuwa Chinook, na ili kuthibitisha dhana hiyo wengine wananaswa kwa nyavu laini, wanatambuliwa na kufungwa visambaza mawimbi ya redio. Kisha kuna mizoga. Watu hutembea vijitoni, na kila mzoga unakatwa vipande viwili ukishapimwa ili usihesabiwe tena wiki ijayo. Magamba huchukuliwa kujua umri. Pezi dogo la mafuta mgongoni hukaguliwa, kwa maana robo ya Chinook wa kituoni hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo. Bila alama hiyo huwezi kujua kama mto unajaza samaki wake au unapokea wa kituo.

Viota vimeonekana kwenye changarawe iliyokuwa chini ya mabwawa. Jike hulala ubavu, hupiga mkia hadi tope laini lichukuliwe na maji na kubaki mawe ya ukubwa wa limau au chungwa, hutaga, kisha husogea mbele kidogo kupiga tena ili mawe yafunike mayai. Swali la msimu ujao ni kama tope lililobaki litajaa kati ya mawe hayo. Mayai hupumua kwa maji yanayopenya humo. Nafasi hizo zikizibwa, mayai yanakufa bila mtu kuona.

Oktoba 2025: Hadi ziwani

Juu zaidi kuna kuta mbili ambazo hazikuwa kwenye mradi, Keno na Link River. Zote zina ngazi za samaki, lakini kulikuwa na shaka kama Chinook mkubwa ataweza kuitumia ile ya Keno. Septemba walianza kuipanda, na mwezi huu wamevuka Link River, wameingia Ziwa Upper Klamath na kufika mito ya Williamson na Sprague, katika nchi ya kabila la Klamath. Imepita zaidi ya miaka mia moja tangu samoni waonekane huko.

Yaliyobaki ni haya. Maji ya nyuma ya Keno hukosa oksijeni kiangazi, na Chinook wa masika watalazimika kupita humo maji yakiwa yameanza kupata moto. Ziwa lenyewe lina fosforasi nyingi inayolisha miani. Mifereji ya umwagiliaji isiyo na vichujio itawavuta vifaranga mashambani wakishuka, na kila mfereji utahitaji kichujio chake na fedha zake. *Ceratonova shasta* inaendelea kupimwa majini kila masika ili kuona kama mawe yanayosogea sasa yanawang'oa minyoo.

Chinook wengi wa mto huu hurudi wakiwa na miaka mitatu au minne. Waliotagwa vuli ya 2024 juu ya Iron Gate, wasio na pezi lililokatwa, wanatarajiwa kupita mbele ya sona kuanzia 2027 na 2028. Kifaa kitabaki ukingoni.